Sura ya 7: Jukwaa Ndilo Linalochagua Pikapu

Kila anayepiga gitaa kavu, yaani gitaa la boksi linalosikika bila umeme, hufika siku akauliza: ninunue pikapu gani? Pikapu ni kifaa kidogo kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi au wa ubao kuwa umeme hafifu, umeme huo ukapita kwenye waya hadi kwenye miksa na hatimaye spika. Swali huja mara tu mtu anapoalikwa kupiga mbele ya watu mia mbili badala ya kumi, iwe kanisani, hotelini au kwenye harusi. Majibu hayakosekani. Mmoja atamwambia achukue ya sumaku, mwingine ataapa kwamba hakuna kama ile inayokaa chini ya nyuzi, wa tatu atasema achana na vyote, weka maiki mbele ya gitaa umalize kazi. Wote watatu husema kweli, ila kila mmoja anazungumzia jukwaa lake. Hoja ya sura hii ni kwamba pikapu haichaguliwi kwa utamu wa sauti yake chumbani. Huchaguliwa kwa kelele ya jukwaa litakalopigiwa, na anayeanza na swali la ipi ni tamu zaidi mara nyingi huishia kununua mara mbili.

Boksi linalotoa sauti ndilo linaloipokea

Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Ukiufunga kati ya misumari miwili ukutani na kuukwanyua, utatoa mlio mwembamba usiofika upande wa pili wa chumba. Kinachofanya gitaa lisikike ni kibao cha mbele, ubao wenye unene wa karibu milimita 3, ambao nyuzi huutikisa kupitia daraja, yaani kile kipande cha mti nyuzi zinapofungiwa. Kibao kikitikisika husukuma hewa, na hewa iliyomo ndani ya boksi nayo huingia na kutoka kupitia tundu la sauti, lile duara la katikati. Kwenye gitaa kubwa la nyuzi za chuma, hewa hiyo hupenda kutikisika karibu mara 100 kwa sekunde, na kibao chenyewe karibu mara 200. Hapo ndipo gitaa linapopata unono wake, ile sauti ya boksi ambayo mwenye gitaa anataka watu waisikie.

Shida ni kwamba ubao haubagui anayeutikisa. Shika gitaa mbele ya spika kubwa wakati besi inapigwa, weka kiganja juu ya kibao, na utakisikia kikitetemeka hata kama hujagusa uzi wowote. Sasa tia pikapu. Sauti inatoka kwenye spika, inatikisa kibao, pikapu inaipeleka tena kwenye spika, spika inaitoa kwa nguvu zaidi, na mzunguko unaendelea mpaka ukumbi mzima unasikia mluzi au mngurumo. Mafundi mitambo huuita fidibeki. Njia rahisi ya kuuona ni kubonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tatu. Noti hiyo ni G, yenye mitikisiko 98 kwa sekunde, karibu kabisa na pale hewa ya boksi inapopenda. Nyumbani husikika nono kuliko noti zilizo jirani nayo. Jukwaani, spika zikiwa zimefunguliwa, noti hiyohiyo hugoma kunyamaza: inavimba, inameza zile zinazofuata, mpaka mpigaji azime nyuzi kwa kiganja au fundi mitambo ashushe sauti.

Kwa nini jukwaa lizidishe shida ambayo chumbani haipo? Sauti hupimwa kwa desibeli. Gitaa kavu likipigwa kwa nguvu, msikilizaji akiwa mita moja mbele yake, hufika desibeli 80 na kitu. Drams kwenye jukwaa dogo hupita 100 bila taabu. Tofauti ya desibeli 20 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni nguvu ya sauti mara 100. Ili mpigaji ajisikie katikati ya drams na besi, monita, ile spika inayomwelekea yeye badala ya watu, lazima imrudishie gitaa lake kwa nguvu kuliko linavyojitoa lenyewe. Ikifika hapo, spika inakuwa imeanza kushindana na vidole vyake katika kukitikisa kibao.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ambayo sura nzima inaisimamia: pikapu inayosikia ubao vizuri inaisikia na spika vizuri. Haiwezekani ikawa na masikio makali kwa ubao unaotikiswa na nyuzi, halafu ikawa kiziwi kwa ubao uleule unaotikiswa na spika.

*Kwa ufupi:* unono wa gitaa na fidibeki vinatoka mahali pamoja. Anayetaka mwingi wa kwanza anakaribisha na ya pili.

Aina nne, na kila moja inachosikia

Tuzipange kuanzia ile isiyojali ubao hadi ile inayousikia kupita zote.

Ya kwanza ni pikapu ya sumaku, inayobanwa kwenye tundu la sauti. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Chuma kikitikisika karibu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Haisikilizi hewa wala, kwa sehemu kubwa, ubao. Inasikiliza chuma tu. Hiyo ndiyo nguvu yake jukwaani, na ndiyo sababu sauti yake huelekea ile ya gitaa la umeme. Ina tabia moja ya kuifahamu. Nyuzi nne nene za gitaa la chuma zimevikwa waya wa shaba nyeusi, ambao sumaku haiuoni. Inachoona ni kiini cha chuma kilichomo ndani. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu. Kwa hiyo hizo mbili zinaweza kusikika kubwa kupita kiasi, na pikapu nzuri huwa na skrubu ndogo za kusawazisha, au imeundwa ikiwa tayari na mizani hiyo. Kwa nyuzi za nailoni haifanyi kazi kabisa, na ndiyo maana mpiga udi wa taarabu, ambaye nyuzi zake ni za nailoni, hana faida nayo. Ile yenye koili moja huweza pia kuokota mngurumo wa umeme wa nyumbani, mitikisiko 50 kwa sekunde, hasa taa na nyaya za jukwaa zikiwa karibu. Zenye koili mbili hupunguza sana kero hiyo.

Ya pili hukaa chini ya kijiti cheupe cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hulalia juu ya daraja. Inategemea ugunduzi wa ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ambao mwaka 1880 walionyesha kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Vifaa vya namna hii huitwa piezo. Kwa kuwa imebanwa kati ya nyuzi na daraja, hupata mgandamizo wa uzi moja kwa moja, kabla ubao haujaongeza mengi yake. Faida ni sauti kali iliyo wazi, inayopenya katikati ya bendi na kuchelewa kuleta fidibeki. Hasara ni ule mlio mkavu wa kiplastiki unaojitokeza ukichapa nyuzi kwa nguvu. Ufungaji wake unataka mkono wa fundi. Sakafu ya mfereji ambamo kijiti hukaa lazima iwe tambarare kabisa, na kijiti kisiegemee upande. Pakiwa na chembe ya vumbi la mbao au sehemu iliyobonyea, uzi mmoja utasikika nusu ya wenzake, na mwenye gitaa atailaumu pikapu bure.

Ya tatu pia ni piezo, ila ni visahani vidogo, mara nyingi vitatu, vinavyogundishwa kwa ndani chini ya daraja. Hivi husikia ubao wenyewe. Kwa anayepiga kwa vidole, utamu wake ni wa karibu sana na gitaa lilivyo, na vingi havihitaji betri. Lakini kanuni yetu inawahi kudai deni lake: visahani hivi hunguruma mapema, kwenye kelele ambayo pikapu ya chini ya kijiti bado inaivumilia.

Ya nne ni maikrofoni, mbele ya gitaa au ndani ya boksi. Iliyo mbele inasikia kila kitu, pamoja na drams na monita. Iliyo ndani inakingwa kidogo na kelele za nje, lakini hewa ya ndani ya boksi haifanani na sauti inayofika kwa msikilizaji aliyekaa mbele. Huwa nzito na ya kipipa, na ukiiongeza kidogo tu, ile noti ya freti ya tatu inaamka.

Watengenezaji walilijua hili zamani

Historia inaiunga mkono kanuni hii vizuri, kwa sababu viwanda vilivyotaka gitaa kavu liingie jukwaani vilianza kwa kulipunguzia uboksi. Mwaka 1954 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lililoitwa J-160E, lenye pikapu ya sumaku mwishoni mwa shingo. Kibao chake cha mbele kilitengenezwa kwa mbao za tabaka, plaiwudi, badala ya ubao mmoja mzima. Kwa mtengenezaji wa magitaa hiyo ni kama dhambi, maana plaiwudi hutikisika kwa uvivu. Hapa uvivu ulikuwa ndio faida: kibao kigumu hutikiswa kwa shida na spika. Na hata hivyo fidibeki haikukomeshwa. Wimbo wa The Beatles "I Feel Fine" wa mwaka 1964 unaanza kwa mlio wa fidibeki ulioachwa kwa makusudi, na gitaa lililoutoa ni J-160E ya John Lennon iliyokuwa karibu na amplifaya.

Miaka ya 1960 ilileta jibu la pili. Charles Kaman, mhandisi aliyekuwa akitengeneza helikopta, alianzisha magitaa ya Ovation yenye mgongo wa duara uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi, na baadaye yakapewa piezo chini ya nyuzi. Mwimbaji Glen Campbell aliyapiga kwenye kipindi chake cha televisheni nchini Marekani, na wapigaji wakaona gitaa kavu linaweza kusimama mbele ya bendi nzima bila kupiga mluzi. Wengi walilalamika kwamba sauti yake haina mbao. Walikuwa sahihi, na ndivyo lilivyokusudiwa liwe.

Mfano wa tatu unafundisha zaidi kwa sababu ulifichwa. Novemba 1993, jijini New York, bendi ya Nirvana ilirekodi kipindi cha MTV ambacho jina lake lenyewe lilidai hakuna kilichochomekwa kwenye umeme. Kurt Cobain alipiga Martin D-18E ya mwaka 1959, gitaa kavu lenye pikapu za sumaku, akalipitisha kwenye amplifaya. Mtayarishaji akaweka boksi la uongo mbele ya amplifaya hiyo ili ionekane kama monita. Hata pale ambapo sifa nzima ya onyesho ilikuwa ukavu wa gitaa, mwanamuziki aliyejua anachotaka alichagua chombo cha kumsikilizisha, si cha kumpamba.

*Kwa ufupi:* jibu la viwanda kwa jukwaa lenye kelele limekuwa ni kuuzima ubao kiasi, au kuacha kuusikiliza. Hakuna aliyepata unono wa ubao na kinga ya fidibeki pamoja bure.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza huja kutoka kwenye santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa leo Likasi. Wimbo wake "Masanga" ni mtu mmoja na gitaa lake mbele ya maikrofoni, na zaidi ya miaka 70 baadaye wapigaji bado wanakaa chini kuvifuatilia vidole vile. Ikiwa maikrofoni iliweza hayo, pikapu ya nini? Jibu ni kwamba maikrofoni ile haikuwa na spika mbele yake. Kurekodi ni kusikiliza tu. Jukwaani ni kusikiliza na kusema wakati uleule, mahali palepale. Santuri inathibitisha ubora wa maikrofoni palipo kimya, na hapo sura hii haina ugomvi nayo.

La pili linasema tatizo ni umaskini wa pikapu: nunua ya bei na fidibeki itaisha. Pesa hununua mengi ya kweli, kama usawa wa nyuzi, ufundi wa kudumu na umeme usio na mikwaruzo. Hainunui msamaha kutoka kwenye kanuni. Visahani bora kuliko vyote husikia ubao kwa usahihi zaidi, na kwa hiyo huisikia monita kwa usahihi zaidi. Pikapu ya kawaida ya sumaku mbele ya drams itamsaidia mpigaji kuliko visahani vya bei mara nne.

La tatu ni la kisasa. Siku hizi kuna pedali za kidijitali zinazochukua sauti kavu ya piezo na kuivika alama ya gitaa lililorekodiwa kwa maiki. Zinafanya kazi, na kwenye jukwaa la wastani au kwa wanaotumia vidude vya masikioni badala ya monita, ni msaada mkubwa. Lakini angalia zinachorudisha: ule unono wa mitikisiko 100 na 200 ambao pikapu iliuacha nje. Ukiurudisha kwenye spika, unairudishia spika chambo chake. Pedali haifuti kanuni. Inampa mpigaji kitufe cha kuamua leo alipe deni kiasi gani.

La nne ndilo zito zaidi: mbona usichanganye? Kuna mifumo yenye pikapu ya chini ya kijiti pamoja na maiki ndogo ndani ya boksi. Hoja hii ina haki. Ikitumika kwa akili, besi hutoka kwenye piezo isiyongurumishwa upesi, na maiki hukatwa besi ili itoe tu hewa ya juu, mikwaruzo ya kucha na pumzi ya ubao. Ila tazama mpigaji mwenye mfumo huo anavyofanya bendi ikipamba moto: anaizungusha maiki chini mpaka imebaki kidogo, mara nyingine imezimwa. Mchanganyiko, basi, ni kanuni ileile ikiwa na mpini wa kuigeuza. Unamfaa anayehama majukwaa na aliye tayari kujifunza mpini huo. Kwa anayetaka kuchomeka na kupiga, ni vitu viwili vya kuharibika badala ya kimoja.

Lawama isiyo ya pikapu

Pikapu nyingi hutupwa kwa kosa la kilichofuata baada yake. Piezo hutoa umeme mdogo unaotaka kupokelewa na mlango wenye ukinzani mkubwa, angalau ohmu milioni 1. Ohmu ni kipimo cha jinsi mlango wa umeme unavyokataa kunyonya. Ukinyonya sana, sauti inakonda. Mlango wa kawaida wa laini kwenye miksa una ohmu elfu 10 hivi. Piezo isiyo na betri ikichomekwa humo moja kwa moja, besi hutoweka na kubaki mlio wa bati. Mwenye gitaa huongeza besi kwenye miksa, fidibeki inaanza, na pikapu inapewa lawama mbili kwa mpigo.

Dawa ni priampu, kikuza sauti kidogo kinachopokea kwa mlango wa ohmu nyingi na kutoa umeme wenye nguvu. Mara nyingi kimo ndani ya gitaa, kikitumia betri ya volti 9, na mara nyingi huwaka pale waya unapochomekwa. Kuacha waya kwenye gitaa usiku kucha ni kuiua betri. Kisha kuna kisanduku cha DI, kinachoibadili sauti ya waya wa gitaa ipite kwenye waya wa maiki hadi kwenye miksa iliyo mbali bila kuokota mngurumo njiani. Aina isiyotumia umeme huwa na ohmu laki moja na ushee, ambazo zinaitosha sumaku lakini ni chache kwa piezo isiyo na priampu.

Kuna pia hatua za bei nafuu ambazo zingefaa zijaribiwe kabla ya kununua chochote:

- Sogeza monita mbali kidogo na ugeuze tumbo la gitaa lisiitazame. Uwanjani, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka desibeli 6 hivi.
- Ziba tundu la sauti kwa kizibo cha mpira. Hewa ya boksi inanyamaza, na noti ya freti ya tatu inatulia.
- Tafuta kwenye ikwalaiza, yaani vitufe vya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, pale penye mngurumo karibu na 100, upakate papo hapo tu badala ya kushusha besi yote.
- Kama priampu ina kitufe cha faza, kinachogeuza mtikisiko uwe kinyume, kibonyeze. Wakati mwingine kinatosha.

Namna ya kuamua

Jiulize kwanza ni nani anapiga nawe na monita yako inafunguliwa kiasi gani. Kisha:

- Peke yako, wasikilizaji wameketi kimya: maiki, au visahani vilivyogundishwa chini ya daraja.
- Na waimbaji, kinanda na ngoma za mikono: piezo ya chini ya kijiti yenye priampu, au mchanganyiko.
- Na drams, besi na gitaa la umeme: pikapu ya sumaku, pamoja na kizibo cha tundu. Kama nyuzi ni za nailoni, piezo ya chini ya kijiti.

Wengi hawana jukwaa moja. Jumamosi ni harusi yenye bendi nzima, Jumapili ni ibada ndogo, katikati ya wiki ni hoteli yenye meza kumi. Je, wachague kwa jukwaa lipi? Wachague kwa lenye kelele kuliko yote wanayoyapigia mara kwa mara, kwa kuwa hasara za pande mbili hazilingani. Pikapu yenye masikio machache ikipelekwa mahali kimya hupunguza utamu ambao pengine mpigaji mwenyewe na wenzake wawili ndio watakaougundua, na ikwalaiza nzuri itarudisha sehemu yake. Pikapu yenye masikio makali ikipelekwa mbele ya drams humlazimisha fundi mitambo kuishusha hadi isisikike, na gitaa lisilosikika halina sauti nzuri wala mbaya. Ukiweza kuongeza cha pili baadaye, kiwe kile cha jukwaa la kimya.